Bazalgette, majitaka ya London na ile miaka 33 kwenye kiti kimoja

Ukisoma habari za London ya zamani lazima utakutana na ile hadithi fupi tamu, kwamba mwaka 1858 mto Thames ulinuka mpaka wabunge wakashindwa kukaa, akatokea injinia anaitwa Joseph Bazalgette, akapitisha mabomba chini ya mji mzima, kipindupindu kikaisha. Si uongo, ila wameruka karibu kila kitu cha maana. Plani yake ilikuwa mezani miaka miwili kabla ya hiyo harufu, mitaro yenyewe ilijengwa kwa imani ya kitabibu ambayo leo tunajua haikuwa kweli, na maji ya kunywa ya watu wa London hayakuwa kazi yake kabisa, yalikuwa biashara ya makampuni binafsi. Mi naona ukitaka kumwelewa huyu mzee usianze na harufu, anza na ofisi: nani ana ruhusa ya kuchimba, nani ana hela, na nani anaweza kusema hapana.

Lakini kwanza tuone mji ulichafukaje, maana hapo ndo watu wengi wanachanganya. Zamani London haikuwa na choo cha kumwaga mtoni. Nyumba ilikuwa na shimo chini au uani, likijaa unaita wazoaji, wanakuja usiku na ndoo na mikokoteni, wanachota, wanaenda kuwauzia wakulima pembezoni mwa mji kama mbolea. Mitaro ya barabarani ilikuwa ya mvua tu, na mpaka 1815 ilikuwa marufuku kabisa kuunganisha choo humo. Utaratibu ulikuwa mchafu lakini ulizunguka vizuri. Halafu vitu vitatu vikagongana karibu kwa wakati mmoja: mji ukatanuka mashamba yakawa mbali na gharama ya mkokoteni ikapanda, miaka ya 1840 ikaanza kuingia guano kutoka Amerika Kusini (mbolea ya kinyesi cha ndege, bei nafuu na nguvu zaidi) soko la wazoaji likafa, na wenye uwezo wakaanza kupenda vyoo vya kuflashi. Choo cha kuflashi kinatumia maji mengi, shimo linajaa haraka, linafurika mpaka chini ya sakafu.

Hapo ndo wakaingia wanamageuzi wa afya, kinara wao Edwin Chadwick, ambaye aliamini ugonjwa ni harufu na harufu ni ugonjwa, basi. Kwa hesabu hiyo mashimo laki mbili ya vinyesi chini ya nyumba za watu ni mabomu ya maradhi, yaondolewe. Sheria ya 1848 ikageuza mambo juu chini, kilichokuwa marufuku kikawa lazima: unganisha choo chako na mtaro. Mitaro yote inaishia Thames. Na makampuni ya maji, kadhaa kati yao, yalikuwa yanavuta maji ya wateja kutoka Thames hiyohiyo, katikati ya mji. Yaani walihamisha kinyesi kutoka chini ya kitanda wakakipeleka kwenye glasi, tena kwa nia njema na kwa nguvu ya sheria. Kipindupindu cha 1848 na 1849 kiliua zaidi ya watu 14,000 London peke yake.

Sasa ndo anaingia Bazalgette. Alizaliwa 1819 Enfield, kaskazini ya London, babake ofisa wa jeshi la majini, babu yake mhamiaji kutoka Ufaransa. Ujana wake alijifunza kazi chini ya injinia mmoja wa Ireland, Sir John MacNeill, kazi yenyewe kukausha mashamba yenye maji na kupata ardhi kutoka kwenye maji. Nenda nayo hiyo, maana miaka 30 baadaye ndo ileile aliyofanya katikati ya London, saizi tu ndo ilibadilika. 1842 akafungua ofisi yake Westminster, ikaja ile homa ya reli ya miaka ya 1840, kila mwenye hela anataka reli na kila kampuni inataka michoro ya kupeleka Bungeni jana, akafanya kazi mpaka 1847 mwili na akili vikagoma kabisa, akaenda kijijini kupumzika muda mrefu. Aliporudi, 1849, alichukua kazi ya mshahara serikalini, msaidizi kwenye Kamisheni ya Mitaro ya London.

Hiyo kamisheni ilikuwa vurugu tupu. Makamishna wanateuliwa, wanagombana, wanavunjwa, wanateuliwa wengine. Kulikuwa na ugomvi mrefu usioisha kuhusu mabomba madogo ya udongo dhidi ya mitaro mikubwa ya matofali, yaani watu wazima wanatukanana kwenye ripoti huku wenzao wanakufa. Waliita mapendekezo kutoka kwa umma yakaja 137, hakuna lililojengwa. Injinia mkuu wao, Frank Forster, alifariki 1852, na watu wa karibu walisema kazi ndo ilimmaliza. Bazalgette akakalia kile kiti. Kipindupindu kikarudi 1853 na 1854, zaidi ya 10,000 wakafa, na yeye ana michoro lakini hana hela wala mamlaka ya kuchimba popote pa maana, kwa sababu mji wenyewe kiserikali haukuwepo! Kulikuwa na London ndogo ya kale ya katikati yenye meya wake, na kuizunguka parokia na mabaraza chungu nzima, kila moja na mipaka yake, kila moja na mtaro wake unaoishia kwa jirani.

Dawa ilikuja 1855 Bunge lilipounda Bodi ya Kazi za Jiji, chombo cha kwanza kushika London nzima, na Januari 1856 Bazalgette akachaguliwa kuwa injinia mkuu wake. Kati ya waliomdhamini yumo Isambard Brunel mwenyewe, injinia maarufu wa reli na meli, kwa hiyo si mtu wa kuokotwa. Mwaka huohuo akapeleka plani. Ikakataliwa. Sheria ilimpa waziri wa majengo, Sir Benjamin Hall, nguvu ya kukataa, na Hall akasema mnapotaka kumwaga ni karibu mno, maji yakijaa uchafu utarudi mjini. Plani ikarekebishwa, ikakataliwa tena, wakateuliwa waamuzi watatu ambao nao wakapendekeza pa kumwaga pawe mbali zaidi, kwa gharama kubwa zaidi, na nani alipe, Bodi au serikali kuu, hapo pakawa na mnyukano mwingine. Miaka miwili imekwenda hivyo. Na tumtendee haki Hall, kuhusu sehemu ya kumwaga hakuwa mjinga, tutarudi hapo.

Juni 1858 joto likawa kali, mto ukapungua, kinyesi cha mji wa watu zaidi ya milioni mbili kikabaki kinachemka kwenye matope ya ukingoni, na Bunge liko palepale ukingoni. Wakaloweka mapazia ya Bunge kwenye dawa ya klorini na chokaa, haikusaidia. Disraeli, waziri wa fedha, akapeleka muswada Julai 15, Agosti 2 ukawa sheria. Siku 18! Uhandisi haukubadilika hata kidogo kwenye hizo siku 18. Kilichobadilika ni kwamba Bodi ilipewa ruhusa ya kukopa pauni milioni 3 na ile nguvu ya waziri kukataa ikaondolewa.

Mfumo wenyewe unaeleweka haraka kama unatokea pwani, maana kiini chake ni kupwa na kujaa. Thames pale London ni mto wa bahari, maji yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku, kwa hiyo ukimwaga uchafu katikati ya mji maji yakipwa unaenda kidogo, yakijaa unarudi, unazungukazunguka hapohapo wiki nzima. Mitaro ya zamani yote ilishuka kuelekea mtoni, upande wa kaskazini ikishuka kusini na upande wa kusini ikishuka kaskazini. Bazalgette hakuing'oa. Alichofanya ni kupitisha mitaro mikuu mipya sambamba na mto, magharibi kwenda mashariki, ikikatiza ile ya zamani kwa chini na kukinga kila kinachoshuka kabla hakijafika mtoni. Kaskazini ngazi tatu, ya juu, ya kati na ya chini, kusini vilevile ya juu na ya chini na tawi lake. Jumla maili 82 za mitaro mikuu, mbali na zaidi ya maili 1,000 za mitaro ya mitaani iliyounganishwa humo. Kwanini ngazi? Kwa sababu majitaka ya vilimani yanaweza kwenda yenyewe kwa mteremko mpaka mwisho bila kupampiwa, ni ujinga kuyaacha yashuke mpaka chini halafu uchome makaa ya mawe kuyapandisha tena. Unapampu yale ya bondeni tu.

Na mteremko ndo ulikuwa kichwa cha kazi. Ukiwa mdogo mno mchanga na mavi vinatulia chini mtaro unaziba, ukiwa mkubwa mno baada ya maili kadhaa uko chini sana na pampu haikutoshi. Kwenye sehemu za bondeni alitumia mteremko wa futi 2 tu kwa kila maili, yaani chini ya sentimita 40 kwa kilomita, kwa macho huwezi kuuona, na unatakiwa uushike kwa matofali, gizani, chini ya barabara zenye magari ya farasi, ukipishana na mabomba ya gesi, mito iliyozikwa na reli za chini ambazo nazo zilikuwa ndo zinachimbwa. Mwaka 1862 mtaro wa mto Fleet ulipasuka na kufurikia machimbo ya reli ya chini, ndo ujue kulikuwa na msongamano gani huko.

Mitaro mingi ya mitaani ilikuwa na umbo la yai, ncha nyembamba chini. Wazo hilo si lake, wenzake walishalitumia, ila angalia akili yake: siku ya kiangazi maji ni machache, yakiwa kwenye mfereji mpana yatatandaa na kwenda polepole, lakini kwenye ile ncha nyembamba yanajikusanya, yanakuwa na kina, yanasukuma uchafu. Mvua ikija yanapanda kwenye tumbo pana la juu. Bomba moja linajisafisha lenyewe kwa hali zote mbili.

Halafu simenti. Hii sehemu mi ndo naipenda kuliko zote. Simenti ya Portland ilikuwa kitu kipya ambacho mainjinia wengi hawakukiamini kwa kazi kubwa, maana ikichomwa vibaya kiwandani au ikichanganywa ovyo inakuwa takataka, na ukiangalia kwa macho huwezi kujua. Uzuri wake inakauka na kuwa ngumu hata ndani ya maji. Bazalgette akaikubali lakini kwa masharti, na msaidizi wake John Grant akasimamia upimaji: kila shehena inayoletwa wanachukua sampuli, wanafinyanga vipande vidogo, wanaviloweka kwenye maji siku 7, wanavivuta kwa mashine mpaka vikatike, wanaandika vilikatika kwa uzito gani. Haifiki kiwango, shehena inarudi kwa mwenyewe. Leo kila saiti yenye heshima inapima zege, lakini kwa wakati ule kwa mradi wa matofali milioni 318 hiyo ilikuwa nidhamu mpya kabisa, na ndo sababu kubwa ya mitaro ile kuwa inatumika mpaka leo, wala si uchawi.

Mwisho wa safari ni mashariki ya mji, Beckton upande wa kaskazini na Crossness upande wa kusini. Pale kulikuwa na matanki makubwa yaliyofunikwa, majitaka yanahifadhiwa humo maji yakiwa yanajaa, yakianza kupwa ndo wanafungulia yaondoke na bahari. Crossness ilifunguliwa Aprili 1865 na mwana mfalme, ikiwa na injini nne za mvuke zilizopewa majina ya familia ya kifalme, moja Victoria, sijui malkia alijisikiaje jina lake kuwekwa kwenye pampu ya mavi. Abbey Mills, inayopandisha maji ya bondeni ya kaskazini karibu mita 11 ili yaingie kwenye mtaro wa mwisho, ilimalizika 1868, na ukiiona utadhani kanisa.

Kipande kilichobaki kilikuwa mtaro wa chini wa kaskazini, ambao kwa njia ya kawaida ungepita mtaa wa Strand, mtaa wenye pilika kuliko yote. Badala ya kupasua Strand akaamua kuujaza mto. Hii ndo ile kazi ya Ireland aliyojifunza akiwa kijana. Victoria Embankment, iliyofunguliwa Julai 1870, juu ni barabara na bustani, chini mtaro, njia ya mabomba ya gesi na maji, na reli ya chini, vyote kwenye ardhi ambayo zamani ilikuwa matope ya mtoni. Pamoja na kingo za Albert na Chelsea alipata kama ekari 52. Kuna geti la kale la mawe pale bustanini, York Watergate, la miaka ya 1620, lilijengwa ili tajiri ashuke ngazi na kupanda mtumbwi wake. Leo limesimama kwenye majani, mto uko zaidi ya mita 100 kutoka hapo.

Sasa turudi kwenye kipindupindu, maana hapa ndo fundo lenyewe. Daktari John Snow alishaonyesha 1854 kwamba ugonjwa unasafiri kwenye maji ya kunywa, lakini wakubwa wengi walikuwa bado kwa Chadwick, ugonjwa ni hewa mbaya. Bodi ilijenga mitaro ili kuondoa harufu. Ila ukiondoa kinachonuka umeondoa na vijidudu vilivyomo, hata kama hujui vipo, kwa hiyo nadharia ilikuwa ya makosa na bomba likawa la kweli. Bahati? Kiasi. Lakini bahati hiyo ina mipaka, na 1866 iliionyesha. Kipindupindu kilirudi London kikaua zaidi ya 5,500, wengi mno wakiwa mashariki ya mji. Mtakwimu William Farr akaangalia ramani ya vifo, vinafuata eneo la kampuni moja ya maji, East London. Wateja wake wawili walishalalamika wamekuta mikunga (samaki warefu kama nyoka) kwenye mabomba yao ya nyumbani, na mkunga hapiti kwenye chujio la mchanga hata siku moja, kumbe kampuni ilikuwa inaingiza maji yasiyochujwa kutoka mabwawa ya Old Ford karibu na mto Lea uliochafuliwa. Farr akamuuliza Bazalgette, jibu likawa kwa bahati mbaya hapo ndipo mfumo haujakamilika, mtaro umeshapita lakini Abbey Mills bado. Akashauri waweke pampu ya muda haraka.

Kwa hiyo nani alimaliza kipindupindu London, mitaro au chujio? Vyote viwili, na mtu akikutajia kimoja tu mpe mfano wa Hamburg, Ujerumani. Hamburg ilikuwa na mitaro mizuri tangu miaka ya 1840, iliyojengwa na Muingereza William Lindley baada ya moto mkubwa wa 1842, kabla hata ya London. Lakini maji ya kunywa waliyavuta mto Elbe bila kuchuja. 1892 kipindupindu kikaua watu zaidi ya 8,000 pale, wakati Altona, mji uliopakana nayo ukuta kwa ukuta na unaochuja, ulipata madhara kidogo. London mwaka huo haikupata mlipuko. (Wimbi lilelile lililoipiga London 1866 ndo lilifika Zanzibar mwishoni mwa 1869 na kuua maelfu.) Makampuni ya maji ya London yalibaki binafsi mpaka 1904 umma ulipoyachukua, Bazalgette akiwa ameshafariki zamani.

Na yale ya Hall kuhusu sehemu ya kumwaga? Septemba 1878 meli ya abiria Princess Alice iligongana na meli ya makaa karibu na Beckton na Crossness, muda mfupi tu baada ya matanki kufunguliwa, watu zaidi ya 600 wakafa, wengine wakizama kwenye majitaka mabichi. Bazalgette alitetea mfumo wake kwa miaka, alikuwa mbishi kwenye hilo na mi sioni sababu ya kumpamba, kwa sababu ukweli ni kwamba hakusafisha kitu, alihamisha tu. Tume ya kifalme ya miaka ya 1880 ikasema hivyohivyo. Ndo wakaanza kutia chokaa na chumvi za chuma ili uchafu utulie chini, na tangu 1887 tope likapakiwa kwenye meli na kwenda kumwagwa baharini. Meli ya kwanza wakaiita Bazalgette! Meli za tope ziliendelea mpaka 1998.

Kwenye kiti kilekile alijenga pia madaraja ya Putney, Hammersmith na Battersea, akafungua Charing Cross Road na Shaftesbury Avenue, akaweka kivuko cha bure Woolwich, nyumbani ana watoto 11. Bodi yenyewe iliishia vibaya, miaka ya 1880 ilikumbwa na kashfa za rushwa na 1889 ikafutwa, likaja baraza la kuchaguliwa na wananchi. Jina lake halikuguswa na zile kashfa. Akastaafu pamoja na Bodi, akafa Wimbledon Machi 1891.

Kilichobaki mikononi mwa wengine ni mvua. Mitaro yake inabeba choo na mvua kwenye bomba moja, na alipiga hesabu kwa mji wa watu karibu milioni 3 na nusu, ambao kwa wakati wake ni kuwaza mbali. Mvua ikizidi, badala ya majitaka kurudi vyooni kwa watu yanafunguka yenyewe kuingia mtoni kupitia matoleo ya dharura, na kwa mji wa watu karibu milioni 9 wenye lami kila mahali hilo lilikuwa linatokea karibu kila wiki. Dawa yao ni Thames Tideway, tundu la kilomita 25 lenye upana wa mita 7.2 chini ya mto, ambalo matoleo yote yaliyopangwa yameunganishwa nalo 2025. Linakinga kinachomwagika kwenye mitaro ya Bazalgette, magharibi kwenda mashariki, linakipeleka Abbey Mills na kutoka hapo Beckton, ila siku hizi Beckton wanakisafisha kwanza ndo wanakiachia, na wateja wanaendelea kulipia kwenye bili zao za maji.